Jambia la Kocha

Kocha alikuwa hajawahi kumaliza msimu. Aliniambia hivyo wiki ya pili tangu nianze kumwendesha, tumesimama kwenye taa nyekundu karibu na chuo kikuu, hapa Muscat, nyuma gari limejaa koni za plastiki na mipira ndani ya wavu. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekwambia hajawahi kuonja papai.

"Nilipokuwa mchezaji nilimaliza misimu mingi," alisema. "Tangu niwe kocha, hata mmoja. Wananiondoa kabla. Nataka mmoja tu, kaka. Hata tukiwa wa mwisho kwenye msimamo, nataka niwe nimesimama pale mstarini filimbi ya mwisho inapolia."

Kaka nilikuwa mimi. Siku ya kwanza nilipokwenda kumchukua uwanja wa ndege, kabla hajaniuliza jina, aliniuliza umri. Niliona ukosefu wa adabu kidogo. Kwetu mtu mzima haulizwi umri kavukavu namna ile, tena na mgeni aliyeshika sanduku. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akaona nimemzidi miaka miwili, akainamisha kichwa. Tangu hapo kila alichonipa alinipa kwa mikono miwili: chupa ya maji, ufunguo, hata karatasi ya kufutia jasho. Alikataa kukaa kiti cha nyuma. Nilipouliza sababu, akasema kwao hata mwaka mmoja unamfanya mtu kuwa kaka yako, na kaka ana kazi zake: anaanza yeye kula, na jambo zito ambalo hakuna anayeweza kulisema, yeye ndiye anayelisema.

"Kazi nyepesi hiyo," nikamwambia. "Kula naweza."

Alicheka, kisha akageuza kichwa kushoto, kulia, kama anayetaka kuvuka barabara, ingawa tulikuwa ndani ya gari.

Mimi ni mtoto wa nyumba ya Waomani waliorudi kutoka Unguja, watu waliosoma wakapata vyeo, isipokuwa mimi. Niliacha shule mapema kwa sababu darasa letu lilikuwa na dirisha linaloangalia barabara kuu, na kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Nimeuza matairi Dubai, nimepika kwenye meli ya mizigo, nimelinda nyumba ya mjomba kule Unguja mpaka mjomba mwenyewe akanichoka, nimezungusha watalii Salalah wakati wa manyunyu. Kila mara narudi kwa dada yangu mkubwa, Al Khoudh, kwenye chumba cha uani anachokiita chumba cha wageni, ijapokuwa sijaona mgeni mwingine aliyelala humo. Binamu yetu mmoja alikuwa kwenye kamati ya klabu ndogo ya mpira. Dada akamwomba anitafutie kitu, chochote kinachomtoa mtu kitandani asubuhi. Nikapewa gari, na ndani ya gari nikakabidhiwa Mkorea.

Tulizungumza Kiingereza, chake kibovu na changu kibovu, viwili vikisukumana kama gari lililokwisha betri. Baadaye akaokota maneno ya Kiswahili, kwa sababu nusu ya wachezaji wake wa kiungo walikuwa vijana wa kwetu, wanaosema Kiswahili na mama zao, na uwanjani wakiitana kwa lugha hiyo ili wapinzani wasiwaelewe. Wachezaji walimwita "Kabten", kama wanavyoitwa makocha wote huku. Mimi nilimwita Kocha.

Nilimuuliza kila kitu. Ndivyo nilivyo, dada husema mimi ningemhoji hata mwosha maiti wakati ananiosha. Kutoka kwenye fleti yake mpaka uwanjani ni mwendo wa kutosha kusimulia kipande kimoja cha maisha, na kurudi kipande kingine. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alipelekwa bweni la wachezaji akiwa mtoto mdogo, akawa anafua soksi za wakubwa zake kwenye maji ya baridi mpaka vidole havikunjiki. Alikuwa kiungo. Si yule wa kufunga wala yule wa kupiga chenga. "Mimi nilikuwa mtu wa kupokea mpira na kuutoa," alisema. "Nikifanya vizuri, hakuna aliyeniona." Kazi yake yote ilikuwa kuangalia nyuma ya mabega kabla mpira haujamfikia, kwa sababu ukishafika umechelewa kuangalia. Aliangalia hivyo kwa miaka mingi hadi shingo ikazoea. Akiingia duka kubwa la Qurum kununua kabeji, kichwa kinakwenda kushoto, kulia. Akitaka kukaa mgahawani, kushoto, kulia. Watu wa duka walidhani ni mtu wa usalama.

Mara moja aliitwa timu ya taifa. Alipasha moto misuli pembeni mwa uwanja karibu kipindi kizima cha pili. Mwishoni kocha wao akamwita. Akavua fulana ya juu, akafunga kamba za viatu upya, akasimama mstarini, namba yake ikainuliwa. Wakasubiri mpira utoke nje. Haukutoka. Refa akapuliza, mechi ikaisha.

"Mama yangu aliniona kwenye televisheni," alisema. "Aliona nimesimama vizuri sana."

Hawakumwita tena. Alikwenda jeshini, kama wanavyolazimika vijana wa kwao, akacheza huko, akarudi, akacheza mpaka goti likakataa. Kisha akawa kocha, na hapo ndipo safari yake ilipoanza kuelekea chini. Kila kazi ilikuwa mbali zaidi na nyumbani, na timu ndogo kuliko ya kabla. Nilipenda kumuuliza jinsi alivyofukuzwa, si kwa ubaya, ni kwamba kila mahali walikuwa na namna yao. Kwao, mkubwa wa klabu alimpeleka kula nyama, akammiminia kinywaji kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia apumzike. Nchi ya pili alipata habari kwa dereva wa teksi aliyekataa kupokea nauli. Nchi ya tatu alikuta kitasa cha ofisi kimebadilishwa, viatu vyake vimepangwa nje ya mlango, vimepigwa rangi.

"Na huku wanasemaje?" aliniuliza.

"Huku hawasemi," nikamjibu.

Alidhani natania.

Timu yetu ilikuwa dhaifu, hilo halikuwa siri ya mtu. Wachezaji walikuwa na kazi zao. Nahodha alikuwa mwanajeshi, anatoka kambini na uso wa mtu aliyeamka kabla ya adhana. Wengine walitoka bandarini, benki, polisi. Walifika baada ya Maghribi, wakanywa chai ya maziwa yenye iliki na sukari nyingi, wakala sambusa, ndipo wakaanza kukimbia. Kocha alikataza sambusa. Wakaitikia wote, inshallah Kabten, kisha wakawa wanazila nyuma ya ghala la vifaa. Siku alipowagundua hakugomba. Alikaa nao chini, akachukua moja, akaitafuna taratibu, akasema, "Sasa nimeelewa kwa nini hamrudi kukaba."

Walicheka, na wiki ile wakashinda. Wakashinda na iliyofuata. Zilikuwa siku za baridi, watu Muscat wanatoka nje, na mimi nilianza kuamka bila dada kugonga mlango. Halafu mshambuliaji akahamishiwa kazi Sur, mji wa mbali, kipa akaumia bega, tukaanza kufungwa. Tulifungwa na timu nzuri, kisha tukafungwa na timu mbaya kama sisi. Kocha alizidi kunyooka mgongo. Jioni aliposhuka garini alisema tu, "Bado hawajaniondoa, kaka. Bado tumo kwenye msimu."

Na hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kadiri tulivyozidi kufungwa ndivyo kamati ilivyozidi kuwa na maneno matamu. Meneja wa timu, ambaye hapo mwanzo alikuwa anapiga simu kila siku kulalamika juu ya wachezaji wa kiungo, akawa anapiga kuuliza afya. Likaja kasha la tende fletini. Likaja bakuli la halua, ile ya zafarani, ya kupelekewa watu wakubwa. Kocha alinikaribisha kwa mikono miwili, nikala kipande kimoja, nikalifunika bakuli.

Zilipobaki mechi nne, rais wa klabu akamwalika chakula cha mchana nyumbani kwake Qurum, Ijumaa baada ya sala. Kamati nzima ilikuwepo, na baadhi ya wachezaji, wote kwa kanzu nyeupe na vilemba vya kutokea. Mbuzi mzima aliletwa juu ya sinia la wali. Rais, mzee mwenye sauti laini inayokufanya usogee karibu, alimkalisha Kocha upande wake wa kulia, akawa anamkatia minofu kwa mkono wake na kumwekea mbele. Mimi nilikaa mwisho wa zulia, karibu na viatu, na nahodha ubavuni mwangu.

Kahawa ilipopita, Kocha alikitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kama nilivyomfundisha. Wakafurahi. Rais akasema maneno marefu: kwamba Kocha ni mwenzao, kwamba Muscat ni nyumbani kwake, kwamba milango iko wazi, aje wakati wowote anaotaka. Kisha akaletewa fremu kubwa ya mbao, ndani yake kitambaa chekundu cha mahameli, na juu ya mahameli jambia la fedha nyuma ya kioo. Akamkabidhi. Watu wakapiga picha. Kocha akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo.

"Ami," nahodha akaninong'oneza kwa Kiswahili, "anajua?"

"Hajui."

"Nani atamwambia?"

"Wewe ndo nahodha."

"Mimi askari, ami. Mimi nnaamrishwa. Wewe ndo kaka yake, si ndivyo anavyokwita?"

"Kula nyama wewe."

"Nyama gani tena hii? Hii khitma."

Nikamkanyaga mguu, kwa sababu alikuwa anataka kucheka na mimi pia.

Njiani kurudi Kocha alilipakata lile jambia, mkanda wa gari umepita juu ya fremu kama juu ya mtoto. Tukapita mahoteli ya pwani. "Rais ni mtu mzuri sana," alisema. "Hakugusia mechi hata moja." Nikawasha redio.

Nyumbani dada alikuwa anakata kitunguu. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa macho yanayotoka machozi, akairudisha.

"Ameshaondoka huyo."

"Hawajasema kitu."

"Khaa. Wakisema wamlete na ngoma? Mkuu wetu wa idara alipewa kama hilo hilo siku ya kustaafu. Balozi akimaliza muda wake hupewa hilo. Umewahi kumwona mtu anayebaki akapewa jambia la kutundika?"

"Sasa mie nifanyeje?"

"Mwambie."

"Nimwambieje, dada?"

"Kwa mdomo. Watu wa dunia nzima unawachokonoa mambo yao, wewe kusema moja tu linakushinda?"

Asubuhi nikaenda. Nilikuwa nimelipanga neno njia nzima, kama mtu anayebeba maji kwenye sahani. Kocha alifungua mlango akiwa peku. Sakafuni alikuwa amepanga visahani na vifuniko vya chupa, timu yetu na timu ya mechi inayofuata, na fremu ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya lango la adui.

"Kocha," nikaanza, "lile jambia la jana..."

"Kaka, kwanza chai."

Akanimiminia, akanipa kwa mikono miwili, akakaa mbele yangu chini.

"Meneja hapokei simu yangu," alisema. "Mtu wa vifaa ameniomba funguo za ghala, kwa muda tu. Jana watu wote walinipiga picha. Mimi nimeondolewa mara nyingi, harufu yake naijua."

"Kumbe unajua."

"Sijui. Hakuna aliyeniambia." Akasogeza kifuniko kimoja, akakirudisha. "Rais hakusema. Meneja hakusema. Ulisema kweli, huku hawasemi. Kwa hiyo mimi bado ni kocha. Amebaki mtu mmoja anayeweza kuniambia nikamsikiliza, na ni wewe. Ukiniambia, nitafunga sanduku leo hii. Usiponiambia, naenda mazoezini. Zimebaki mechi nne, kaka."

Nimesafiri sana nikitafuta kujua mambo, na sijawahi kukutana na jambo ambalo mtu aliniomba nilijue nisilitamke. Nikainywa chai yote. Ilikuwa moto na sukari haikuwemo.

"Jioni nikufuate saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kama kawaida."

Jioni ile tulimkuta uwanjani kocha mpya, kijana wa hapahapa mwenye cheti kipya na kofia ya michezo. Alipomwona Kocha anapanga koni alisimama kama aliyekuta mtu chooni. Akaja mbio, akampa mkono, akamuuliza hali, akamuuliza familia, akamuuliza hali tena. Hakusema kitu kingine. Basi mazoezi yakaenda hivyo, nusu ya uwanja yake, nusu ya Kocha, na wachezaji wakizunguka kutoka huku kwenda kule wakimpa kila mmoja haki yake ya adabu. Nahodha alipita karibu na gari akainama dirishani.

"Ami, hawa wameoa watu wawili mke mmoja."

"Cheza mpira."

"Nnacheza. Sijui nnamchezea nani."

Ningependa kusema kwamba kwa hila ile Kocha aliwashinda. Kwa siku chache nilianza kuamini. Kamati ya watu wapole ingemtoa vipi bila kumwambia? Nilimwambia dada, akaacha kazi yake kunitazama.

"Wee huwajui watu wako," alisema.

Mechi ya kwanza kati ya zile nne Kocha alikaa benchi, mwisho kabisa, baada ya wachezaji wa akiba. Kocha mpya ndiye aliyesimama mstarini. Hakuna aliyemzuia Kocha kupiga kelele, na alipiga mbili tatu, ila sauti ya mtu aliyeketi haifiki. Tukafungwa. Mechi ya pili tulikuta wamemwekea kiti chake peke yake, kiti cha sebuleni chenye mito, pembeni mwa benchi, na meza ndogo na maji. Meneja alimshika mkono akamkalisha. "Upumzike, Kabten," akamwambia, "wewe umechoka kwa ajili yetu." Kile kiti kilikuwa kirefu kwenda nyuma, ukikaa unaona mbingu. Tukatoka sare. Mechi ya tatu mtu wa mlangoni alimpokea kwa heshima akampandisha jukwaani, kwenye viti vya wageni rasmi, wakamletea kahawa na tende na mhudumu wa kumtilia. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma yake. Kutoka pale wachezaji walikuwa wadogo kama vile vifuniko vya chupa. Aliangalia bega la kushoto, akakuta katibu wa kamati anatabasamu. Akaangalia la kulia, akakuta mwengine.

"Kila mechi wananiheshimu zaidi," alisema, bila kugeuka.

Tulishinda siku ile. Kwa goli la nahodha, lililomgonga gotini. Kwa hiyo ikabaki mechi moja, na tukishinda hiyo tulikuwa tunabaki daraja letu. Kocha alishuka ngazi za jukwaa haraka kuliko nilivyowahi kumwona, na garini alizungumza njia nzima, juu ya kiungo wa kushoto kwamba asikae juu sana, juu ya kona, juu ya upepo wa jioni.

Siku ya pili yake meneja akaja fletini na maua. Nilikuwepo. Alikaa ukingoni mwa kochi, akauliza hali zetu sote, akasifu mandhari ya dirishani, ambayo ni maegesho ya magari. Kisha akatoa simu yake akatuonyesha tiketi ya ndege ya kwenda Seoul. Daraja la mbele, kiti cha kulala. Klabu imeona, alisema, Kocha asisafiri kwa tabu. Visa imepangwa iishe siku hiyohiyo ili asisumbuliwe na mtu. Ndege ilikuwa inaruka jioni ya mechi ya mwisho.

Nilifungua mdomo. Kocha akanitazama, nikaufunga.

"Asante," akamwambia meneja, na akainama. "Kiti cha kulala. Sijawahi."

Meneja alipoondoka nilisema tukamwombe rais aisogeze siku moja. Siku moja tu, mtu ataikataa vipi?

"Hataikataa," Kocha alisema. "Atasema inshallah." Akakaa chini, akaanza kuokota visahani kimoja kimoja, akaviweka ndani ya sinki. Vile vilivyokuwa viungo wake aliviokota mwisho.

Siku yenyewe nilimfuata mapema. Mechi ilikuwa imeanza tulipoingia barabara ya uwanja wa ndege, na nahodha alikuwa amenipangia mtu jukwaani wa kutuonyesha kwenye simu. Nikaiegemeza juu ya dashibodi. Picha ilikuwa ikitembea, ikiganda, ikitembea. Tukaegesha kwenye maegesho ya nje, kwa kuwa ndani muda wa kusubiri ni mfupi, tukatazama kipindi cha kwanza hivyo, mikanda ya gari hatujafungua. Kiungo wa kushoto alikaa juu sana. Kocha alimwambia ashuke, akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Rudi, rudi, mwanangu," na yule kijana hakurudi, na angerudi vipi.

Mapumziko nikaenda kununua chai mbili. Kipindi cha pili kilipoanza bado hakuna goli. Nilikuwa naitazama saa ya gari kwa jicho la pembeni, na yeye alikuwa ananitazama mimi nikiitazama.

"Twende," akasema.

"Bado kidogo."

"Kaka. Twende."

Nikasogeza gari mpaka mlango wa wanaoondoka. Tukateremsha masanduku. Fremu ilibaki kiti cha nyuma. Nilipoishika akaniwekea mkono juu.

"Ikae kwako. Nyumbani wataniuliza maana yake."

"Waambie ulipendwa."

"Nitawaambia hivyo. Wataelewa." Akavaa mkoba begani. Simu bado ilikuwa inaonyesha mechi kwenye dashibodi, sauti ya watu inatoka kidogo kidogo kupitia mlango uliokuwa wazi. "Usiniandikie matokeo," akasema. "Nikifika, usiniandikie."

Nikasema sawa. Nilitaka kusema zaidi, na nilikuwa na haki, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilimpa mkono, akaupokea kwa mikono miwili. Alipofika kwenye mlango wa kioo akasimama, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Hakukuwa na mtu. Akaingia.

Nikarudi garini. Wakati huo walikuwa wanajiandaa kupiga kona, wetu wote wamejazana langoni mwa wapinzani, hata kipa, na picha ikaganda. Askari wa usalama barabarani akanipungia mkono niondoke. Nikamwonyesha simu. Akainama kutazama, tukatazama wote wawili ile picha iliyosimama, mpira uko hewani, nahodha ameruka mdomo wazi.

"Timu gani?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Nikamtajia.

"Ah," akasema. "Hao wanashuka." Akalipigapiga paa la gari, akanipungia tena.

Walishuka. Hakuna aliyefunga. Niliambiwa na nahodha baadaye, akiwa bado na jezi, kwamba filimbi ilipolia aliangalia jukwaa la wageni rasmi kwa mazoea.

Kazi ile iliisha na msimu. Binamu hakusema nimeachishwa, alinialika chakula. Kocha huniandikia mara mojamoja. Anasema goti linauma wakati wa theluji, anasema bado anasubiri simu kutoka timu yoyote, popote, na simu haiji, anauliza hali ya dada. Matokeo hajauliza. Mimi nimekuwa nikiulizwa na kila mtu mwingine lini nitapata kazi nyingine, na nilifikiria Sohar, nilifikiria Dar, lakini nikifika kwenye mlango wa chumba cha uani narudi kukaa.

Jambia liko juu ya kabati, kioo kimegeuzwa ukutani. Nilimwomba dada tulitundike sebuleni, angalau lionekane. Alikataa. Alisema wageni wakiliona watauliza ni nani katika nyumba hii aliyeondoka.